Nyumba ya mawe haipandi bei kwa vigae

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba za mawe hapa Lamu, hasa waliorithi na sasa wanajiandaa kuuza. Mimi ni mwashi wa mtaa wa Mkomani. Kazi ya chokaa nilifunzwa na baba, naye alifunzwa na ami yake, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukagua nyumba kabla ya mauzo. Mara naitwa na mwenye nyumba, mara naitwa na mnunuzi. Mwenye nyumba huuliza: "Fundi, tutengeneze nini ili ipendeze, ipate bei?" Na aghalabu nikifika nakuta dalali ameshamjibu: pigeni lipu ya saruji, tandazeni vigae nyumba nzima, wekeni dari ya jipsamu na madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, kisha pakeni rangi ya mafuta mpaka juu.

Ushauri huo ni mbaya. Unamaliza pesa za watu wasio na pesa za kuchezea, unaharibu nyumba, na mwishowe unaishusha bei ile ile iliyokusudiwa kupandishwa.

Nitatoa mfano wa nyumba niliyoiona kwa macho yangu, mtaa wa Langoni, bila ya kuwataja wenyewe. Ndugu waliachiwa na marehemu mama yao nyumba ya orofa. Lipu yake ya chokaa ilikuwa na nyufa hapa na pale lakini ilikuwa imeshika. Wakashauriwa ibanduliwe yote. Ikabanduliwa kwa nyundo, ikapigwa saruji chumba baada ya chumba, na mchanga uliotumika ulichotwa ufuoni. Juu yake ikaja rangi ya mafuta. Kazi ilipoisha nyumba iling'aa kweli, picha zikapigwa, zikatumwa kila pembe. Mnunuzi mwenye nia alikuja baada ya masika, akanichukua tuende pamoja. Alipofika chumba cha ndani alisimama, maana harufu ya unyevu ilimpokea mlangoni. Rangi ilikuwa imefura kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na palipopasuka palitoka unga mweupe. Aliugusa kwa kidole akauonja. Chumvi. Nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, tukasikia ulivyo mtupu. Lipu ilikuwa imeshaachana na mawe. Bei aliyoitaja siku ile ilikuwa chini ya ile waliyokuwa wakipewa kabla ya kuanza kutengeneza, na wale ndugu walikuwa bado wana deni katika duka la vifaa vya ujenzi.

Sababu yake si mkosi. Ukuta wa Amu, jina letu la Lamu, ni wa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, unene wake nusu mita hivi. Tumbawe lina vitundu vingi. Linavuta maji kutoka ardhini, linakunywa mvua, halafu linayatoa pole pole kwa upepo, na lipu ya chokaa inayaachia yapite. Saruji haiyaachii. Unyevu unakwama nyuma yake, unatafuta njia ya kupanda, na unabeba chumvi. Chumvi ikikauka inavimba na kuisukuma lipu kutoka ndani. Kuupaka saruji ukuta wa tumbawe ni sawa na kumvalisha mtu anayetoka jasho koti la mpira kisha ukashangaa anaumwa. Ukiongeza mchanga wa pwani, umeutia chumvi kwa mkono wako mwenyewe.

Na ukuta ni nusu ya hasara. Nusu nyingine iko kwenye boriti. Ninapokagua nyumba sitazami katikati ya boriti, pale panapoonekana na kila mtu. Napanda ngazi na bisibisi mkononi, naangalia kichwa cha boriti, pale kinapoingia ukutani. Ukuta ukipumua, kichwa hukaa kikavu na boriti ya mkoko hudumu maisha ya watu wengi. Ukuta ukizibwa, kichwa kinakaa ndani ya majimaji, na siku moja bisibisi inazama bila kusukumwa. Kwa nje boriti ni nzima, imepakwa rangi hata. Mnunuzi mwenye fundi anayejua kazi ataligundua hilo kabla ya chai ya saa nne, na kuanzia hapo mazungumzo yote ni ya kupunguza.

Kwa hiyo anayetaka bei aanzie wapi? Aanzie juu kabisa. Pesa ya kwanza iende kwenye sakafu ya paa na milizamu, vile vipitishio vya maji ya mvua. Paa la chokaa likipata ufa mwembamba, maji hayaanguki mara moja. Yanatembea ndani ya tabaka, yanatokea chumba kingine, na watu wanatafuta ufa mahali sipo. Nyumba nyingi paa zake zimeongezwa tabaka juu ya tabaka, kila mzazi na lake, mpaka boriti zimepinda kwa uzito. Usikubali fundi akuongezee jengine. Zitolewe tabaka zilizokufa, boriti mbovu zibadilishwe moja moja, kisha chokaa mpya na kokoto za matumbawe zitandazwe na kugongwa kwa vipande vya mbao mpaka zishikamane, na mteremko uelekee kwenye mlizamu. Mlizamu nao utoe maji mbali na ukuta. Nimeona ukuta mzuri wa orofa mbili ulioliwa kwa sababu tu mlizamu ulivunjika na mwenyewe hakuona umuhimu wa kurudisha kipande cha urefu wa mkono.

Wapo wanaoambiwa waondoe boriti, wamwage zege na nondo. Katika mji huu, kwenye hewa hii ya bahari, nondo zikiingiwa na chumvi zinapata kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kuanguka vipande. Sipingi saruji kwa nyumba mpya ya matofali kule mitaa ya Kashmir au Wiyoni, iliyojengwa tangu msingi kwa saruji. Nasema juu ya nyumba ya mawe.

Hapo hapo juu kuna jambo la tangi. Kila mtu anataka tangi la maji darini, na ana haki, kwa sababu maji ya bombani hayaji wakati wote, na mnunuzi lazima afungue mfereji aone. Lakini tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja nzima iliyowekwa juu ya miti. Upana wa vyumba vyetu haufiki mbali na mita tatu kwa kuwa huo ndio urefu wa boriti, na wazee waliujua uwezo wake. Tangi liwekwe juu ya ukuta, hasa pembeni panapokutana kuta mbili, au yawe matangi madogo mawili yaliyogawanywa. Kulihamisha ni kazi ya asubuhi moja, na paa linapona.

Cha pili ni choo na msala. Hapa nawapa madalali haki yao: mnunuzi wa leo anataka choo cha kuvuta maji, bafu safi, na mahali pa kukauka. Vigae vya bafuni sina ugomvi navyo kabisa, na hapo saruji ina mahali pake. Ila bafu la orofani likivuja ndilo linaloua nyumba za Amu kuliko mvua. Fumueni mabomba ya zamani, yapitisheni mahali yatakapoonekana na kutengenezeka badala ya kuyazika ukutani, na karo, shimo la maji machafu, ikaguliwe iko umbali gani na kisima. Na birika, lile hodhi la maji la msalani, msilivunje. Birika la zamani, lenye bakuli la kaure chini yake na visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, ni kitu ambacho wageni huinama kukitazama kwa muda mrefu kuliko wanavyotazama kitu chengine chochote nyumbani. Lisafisheni, lipigeni chokaa mpya, litieni maji na samaki. Gharama yake ni ndogo mno.

Ndipo tuje kwenye kuta. Ikiwa lipu ya chokaa imeshika, iacheni, mzibe nyufa tu. Ikiwa imeshapigwa saruji na inabanduka, ng'oeni saruji yote mpaka mawe yaonekane, kisha uacheni ukuta ukauke, na muwe na subira, maana ukuta uliolowa kwa miaka haukauki kwa wiki moja. Sugueni chumvi kwa brashi kavu kwanza. Chokaa iwe imelowekwa mapema, haijatoka kwenye gunia asubuhi hiyo hiyo. Kipimo ninachotumia ni kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na mchanga usiwe wa ufuoni wala wa matuta ya Shela. Yale matuta ndiyo yanayohifadhi maji matamu tunayokunywa mji mzima. Anayechota mchanga pale anachota kwenye kisima cha watoto wake. Utakaofaa ni mchanga wa bara, usio na chumvi. Lipu ipigwe tabaka nyembamba, kila moja iachwe ishike, inyunyiziwe maji asubuhi na jioni, na magunia yaliyolowa yatundikwe mbele yake jua lisiipige. Chokaa hukomaa kwa hewa, na hewa haiharakishwi. Wakati mzuri wa kazi hii ni kusi, masika yakishapita na jua halijawa kali. Anayenijia mwezi wa Machi akitaka nyumba nzima ipigwe lipu kabla ya mvua, namshauri afanye paa na milizamu, kuta zingoje.

Kupaka, pakeni chokaa nyeupe. Ni rahisi kuliko rangi ya dukani, inarudiwa kila mwaka, na ndani ya nyumba yenye madirisha madogo ndiyo inayoleta mwanga.

Mwanga unanipeleka kwenye kiwanda, ule ua wa wazi wa ndani ya nyumba, na hapa naomba wenye nyumba wanisikilize sana. Mtindo umezuka wa kukiezeka kiwanda kwa mabati ili kupata chumba kimoja zaidi, kwa imani kwamba nyumba ya vyumba sita ni ghali kuliko ya vyumba vitano. Kiwanda ndicho pua na macho ya nyumba ya Kiswahili. Misana, vile vyumba virefu, inafunguka kwake, upepo unaingia kwake, hewa ya moto inatokea kwake. Kikizibwa, chumba cha ndani kinakuwa giza mchana, ukungu unaanza, na umeme unawaka tangu asubuhi. Niliwahi kumsaidia mama mmoja mjane, jirani, aliyekuwa ameshindwa kuuza nyumba iliyozibwa hivyo. Tuliondoa mabati, tukasugua sakafu, tukapanda mwasmini mmoja kwenye kona na mkomamanga kwenye pipa. Hakuongeza chumba, aliondoa kimoja. Waliokuja kuiona baada ya hapo walikuwa wakikaa. Wale wa mwanzo walikuwa wanasimama tu, huku wamekamata mlango. Aliiuza kabla ya Ramadhani, kwa bei aliyoitaka yeye.

Juu ya vidaka, vile vishubaka vya ukutani, na mlango mkubwa, nasikitika kwamba bado kuna haja ya kuandika. Vidaka vya chumba cha ndani vilivyochongwa kwa lipu havifanyiki tena kwa wepesi; mafundi wa kuvirudisha ni wachache, nami ninawajua karibu wote. Kuna nyumba vilisawazishwa kwa saruji ili pawekwe kabati la kioo. Na milango: mtu anakuja na pesa taslimu, anataka mlango wa nakshi peke yake, kizingiti na mfaa wake, na anaahidi kuweka mlango mpya wa chuma bure. Ndugu zangu, mlango ule ndio unaomfanya mnunuzi apunguze mwendo kichochoroni. Ukitoka, nyumba inabaki tundu. Tena sheria yetu ya makavazi na turathi inautaja waziwazi mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa ni kitu kinacholindwa, hauhamishwi ukauzwa kiholela. Kama umejaa rangi za miaka, ubandue taratibu kwa mkono wa seremala anayejua, usitumie moto, kisha upake mafuta ya mbao. Mafundi wa kuchonga tunao hapa hapa mjini, wanahitaji kazi.

Mji Mkongwe wa Lamu ni turathi ya kitaifa tangu 1986, na uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba hubomoi wala huongezi orofa bila ya idhini ya Makavazi ya Kitaifa na ya kaunti. Wengi wanaliona hili kuwa ni mzigo. Mimi naliona kuwa ni sehemu ya bei. Mnunuzi wa nyumba ya mawe anakuja Amu kwa sababu ya mji wote, vichochoro vyake, punda wake, wikio, lile daraja la nyumba lililovuka juu ya njia. Jirani yako akijenga orofa ya nne ya matofali, amekupunguzia wewe thamani hata kama hukugusa jiwe. Idhini ombeni mapema, na karatasi yake iwekeni pamoja na hati.

Na maadamu nimetaja karatasi, ukarabati ulio bora kuliko wote katika nyumba za kurithi haufanywi na mwashi. Nyumba ambayo mirathi yake haijapita kwa Kadhi, ambayo hati bado iko kwa jina la babu, ambayo mrithi mmoja yuko Maskati na hajaulizwa, haiuziki hata ingepambwa kwa dhahabu. Nimewaona wanunuzi wakiipenda nyumba asubuhi na kuiacha jioni kwa sababu hiyo. Nyumba ya wakfu nayo si ya kuuzwa, na anayempeleka mgeni kuitazama anamdanganya. Mgeni asiye raia pia ajulishwe mapema kwamba Katiba ya 2010 inamruhusu umiliki wa muda usiozidi miaka 99, ili asije akadhani ameuziwa milele.

Wekeni risiti. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15 badala ya 5, na gharama ulizotumia kuiboresha nyumba hutolewa kwenye hesabu ya faida ukiweza kuzionyesha. Mtu anayemlipa fundi mkononi, anayenunua chokaa na boriti bila ya kipande cha karatasi, analipia kodi pesa ambazo hakuzipata. Mimi siku hizi naandika risiti kwa kila kazi, na nawaomba mafundi wenzangu tufanye hivyo. Aliyekaa katika nyumba yake mwenyewe mfululizo miaka mitatu kabla ya kuiuza ana msamaha wake. Aulize kwa wanaojua kodi kabla ya kutia saini.

Nimalizie kwa serikali ya kaunti. Wenye nyumba hawakimbilii saruji kwa sababu hawaipendi chokaa. Wanakimbilia kilichopo. Saruji iko dukani kila siku, punda anaileta mlangoni kwa nusu saa. Chokaa nzuri unaingoja, na boriti zimekuwa adimu na ghali tangu ukataji miti ulipopigwa marufuku kwa muda Februari 2018, ilhali wilaya yetu ya zamani ndiyo yenye sehemu kubwa ya mikoko yote ya Kenya. Tunaomba mambo mawili. Kwanza, kiwanja kimoja nje ya mji chenye tanuu la pamoja, lenye kutumia mawe ya nchi kavu kutoka Manda na vifusi vya nyumba zilizoanguka, si matumbawe hai ya baharini, na mashimo ya kuloweka chokaa ili mtu apate kununua iliyokomaa kwa ndoo. Pili, vijana wa chuo cha ufundi waletwe kwetu kwa zamu wakati wa kusi, walipwe posho ya chakula, washike mwiko. Mimi na wazee wenzangu tuliobaki katika kazi hii tuko tayari kuwafundisha bila malipo, na tumeshawaeleza hivyo waliotuwakilisha. Bado tunangojea tuonyeshwe kiwanja.

Fundi wa chokaa,
Mkomani, Lamu